Leo au Mwezi Uliopita?

"Anayezijua saa hapa ni mimi. Ninyi polisi kazi yenu ni kuvunja milango."

Profesa alisema hivyo bila kuinua macho kwenye skrini, na hayo ndiyo yalikuwa makaribisho. Profesa halikuwa jina lake, wala hakuwahi kufundisha chuo chochote. Wenzake ofisini walimbandika jina hilo kwa sababu ukimwambia "habari za asubuhi" lazima akusahihishe. Lakini programu ya kuendesha pampu za dawa majumbani aliiandika yeye, mstari kwa mstari, na ni programu hiyo iliyomweka nesi mmoja rumande kwa kesi ya mauaji.

Inspekta alivuta kiti ambacho hakuna aliyempa, akakaa. Sajini wake alibaki wima karibu na mlango, amenuna kama mtu aliyeamshwa kwa kumwagiwa maji.

"Mlango wako ulikuwa wazi," Inspekta alisema. "Hebu nifundishe hizo saa."

"Sina muda."

"Nesi naye hana. Saa nane mchana anasimama mbele ya hakimu, na watoto wake wawili wanalala kwa jirani. Tuanze."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mzee mmoja, mwenye kiwanda cha kuchapa vitabu, aliugua moyo akawa mtu wa kitandani. Pembeni ya kitanda palikuwa na pampu ikimtilia dawa mshipani kidogo kidogo, na pampu hiyo ilipokea amri kutoka kwenye tableti. Nesi aliajiriwa kumtunza mchana. Usiku Mzee alibaki na mdogo wake wa kike, mjane, ambaye mtaa mzima ulimwita Shangazi. Jioni moja ya mwezi uliopita pampu iliamriwa imwage kwa mara moja dozi ya siku nzima. Saa tatu usiku Shangazi alipiga yowe, majirani wakajaa, wakamkuta Mzee ameshakata roho.

Rekodi ya programu ilisema amri ile ilitoka kwenye akaunti ya nesi, saa kumi na moja na robo jioni. Saa hiyo Shangazi alikuwa kiwandani, na kiwanda kizima kilimsikia akifoka. Alirudi nyumbani saa kumi na mbili na nusu, akampokea nesi zamu, nesi akaenda zake. Maana yake, mpaka hapo nesi alikuwa peke yake na mgonjwa. Halafu, kama vile hayo hayatoshi, nesi mwenyewe aliropoka kwenye maelezo yake kwamba Mzee alimwambia huo ni mwezi wake wa mwisho kazini: mpwa wake, binti wa Shangazi anayesoma ng'ambo, anaacha masomo anarudi kumtunza mjomba. Mwendesha mashtaka aliposoma hapo alisugua mikono. Kazi inamponyoka, hasira zikampanda, akamaliza mtu. Kwake yeye kesi ilikuwa imejipika yenyewe.

"Wakili wa nesi anasema programu yako inadanganya," Inspekta alisema.

Sasa Profesa aligeuka. "Yule? Alikuja hapa. Amesikia mahali kwamba sava huandika saa ya dunia, akadhani ameshinda kesi."

"Nieleze na mimi nidhani."

"Sava zetu, kompyuta zinazotunza rekodi, zinahudumia nchi nyingi, kwa hiyo haziandiki saa ya hapa wala ya pale. Zinaandika saa moja ya dunia nzima, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Mtu wa hapa akitaka kusoma, programu inamwongezea tatu. Wakili anadai hatukuongeza. Kwamba ile kumi na moja na robo ni saa ya dunia, na kwa hapa ilikuwa saa mbili na robo usiku, nesi yuko kwake anaosha vyombo. Hadithi tamu, ila ni uongo."

"Thibitisha."

Profesa alisonya, lakini akainuka. Kwenye rafu kulikuwa na pampu ya majaribio iliyofungwa chupa ya maji. Alichukua simu yake, akabonyeza, pampu ikakoroma na kudondosha maji kwenye bakuli. Rekodi ikatokea kwenye skrini. Saa iliyoandikwa ililingana na saa ya ukutani, ikalingana na saa ya mkononi ya Inspekta.

"Umeridhika, mama?"

"Mama yako yuko kwake. Mimi ni Inspekta."

Sajini alikohoa. "Afande, wakili amechemsha. Twende tukafunge faili."

Inspekta hakuinuka. Alikuwa akiitazama ile pampu ya majaribio. "Hiyo saa iliyoandikwa imetoka wapi? Kwenye pampu?"

"Pampu haina saa. Ina mota na akili ya kuku."

"Kwenye sava?"

Profesa alisita, na Inspekta akaona kusita huko. "Kwenye kifaa kinachotoa amri," alisema. "Simu, tableti, chochote. Pampu hutii papo hapo, lakini mtandao ukikatika rekodi inaweza kukaa kwenye kifaa mpaka mtandao urudi. Daktari hataki kujua rekodi ilifika lini. Anataka kujua kidole kilibonyeza saa ngapi. Kwa hiyo tunachukua saa ya kifaa."

"Na sava haiandiki ilipokea saa ngapi?"

"Inaandika. Halafu inafuta kila wiki, isijae takataka."

"Inafuta!"

"Hakuna aliyeniuliza ndani ya wiki hiyo."

"Mtu amekufa, wewe unangoja kuulizwa?"

"Na wewe wiki hiyo ulikuwa wapi?" Profesa alifoka. "Mmekuja baada ya mwezi mnaninyooshea kidole. Kazi yangu ni programu. Kupeleleza ni kazi yako."

Sajini alisogea hatua moja. Inspekta alimzuia kwa mkono, akauacha mkono ule ule umekingwa, kiganja juu. "Lete simu yako, Sajini. Na wewe Profesa, mfungulie akaunti ya majaribio."

Ilichukua muda, maana Profesa aliandika kwa makusudi taratibu, na Sajini alikuwa hapendi simu yake kushikwashikwa. Akaunti ilipofunguka, Inspekta alimwambia abadili ukanda wa saa, aweke nchi yoyote ya mbali. Sajini akachagua moja upande wa pili wa dunia. Simu ikaruka, ikadai ni usiku wa manane. Akabonyeza, pampu ikadondosha maji, na rekodi ikasema kweli tupu: asubuhi, saa ile ile ya ukutani.

Profesa alicheka kwa mara ya kwanza. "Programu yangu inajua dunia ni duara. Simu inasema, 'Mimi niko kule, na kwetu ni saa fulani.' Programu inapiga hesabu. Jaribu nchi zote, utachoka wewe."

"Rudisha ukanda wa hapa, Sajini. Sasa zima ile ya saa kujipanga yenyewe. Isogeze kwa mkono, irudishe nyuma."

"Nani anafanya ujinga huo?" Profesa aliuliza.

"Bonyeza."

Pampu ikakoroma. Rekodi ikatokea, na safari hii ilikuwa nyuma, vile vile kama Sajini alivyoisogeza.

"Safari hii simu imesema, 'Mimi niko hapa hapa, na saa ni hii,'" Inspekta alisema. "Imedanganya, na programu yako imeamini."

"Hakuna mwenye akili anayesogeza saa kwa mkono! Ukitaka saa ya nchi nyingine unabadili ukanda. Saa yenyewe huigusi."

"Wenye akili hawaji sana kwenye mafaili yangu," Inspekta alisema, akainuka.

"Hilo si kosa la programu!" Profesa alipiga kelele nyuma yao mpaka kwenye ngazi. "Andika hivyo! Ni kosa la mtumiaji!"

Ndani ya gari Sajini aliendesha kama anayegombana na usukani. Inspekta alifungua maelezo ya nesi kwenye mapaja. Nesi alisema hakuwahi kutumia simu yake kwa kazi. Alitumia tableti ya nyumba, ile ya sebuleni.

"Tableti ile tuliikagua?"

"Tuliipiga picha, Afande."

"Saa yake je?"

"Sasa nani anakagua saa ya tableti?" Sajini alisema, halafu akasikia alichosema, akakaza macho barabarani mpaka getini kwa marehemu.

Shangazi aliwafungulia mlango nusu, akaujaza uwazi uliobaki kwa mwili wake. Alikuwa mwanamke mrefu, mikono imekomaa kwa kazi, na jicho la kumfanya mtu aangalie kama vifungo vya shati vimekaa sawa.

"Mnarudi rudi hapa, kwani mmeleta posa?"

"Tunaomba kuona tableti, Shangazi."

"Mimi si shangazi yako. Msiba wangu haujapoa, ninyi mnaingia na kutoka na viatu vyenu. Aliyemuua kaka yangu mnaye. Mnataka nini tena?"

"Tableti."

Aliwapisha, lakini kwa namna ambayo ilibidi wapite upande upande. Sebule ilikuwa safi mpaka inatisha. Makochi yalifunikwa vitambaa vya kufuma, ukutani kulikuwa na saa kubwa ya mviringo, na chini yake picha ya msichana aliyevaa koti zito na skafu nyekundu, anacheka huku theluji imemkaa nyweleni. Tableti iliegemezwa kwenye chombo cha maua juu ya kabati.

Inspekta aliiwasha bila kuitoa pale. Aligusa alama ya programu ya pampu, nayo ikafunguka yenyewe, bila kuuliza neno la siri, na juu kabisa ikaandika akaunti ya nesi.

"Iko wazi," alisema.

"Yule mzembe hajawahi kuifunga. Alinionyesha siku ya kwanza jinsi inavyotumika, akaiacha hivyo hivyo. Mtu wa hivyo ndiye mnamtetea."

Inspekta aliinama karibu zaidi. Alikuwa ameiona saa kwenye kona ya skrini. Akatazama saa ya ukutani, akatazama ya mkononi, akarudi kwenye skrini. Tableti ilikuwa nyuma. Aliingia kwenye mipangilio. Ukanda wa saa ulikuwa wa hapa hapa. Ile ya saa kujipanga yenyewe ilikuwa imezimwa.

"Nani ameichezea saa hii?"

"Haijachezewa. Hiyo ni saa ya mwanangu." Kwa mara moja tu sauti ya Shangazi ililainika. "Nikiitazama najua kama amelala, kama yuko darasani, kama amerudi chumbani niongee naye. Ya hapa ninayo ukutani, ya nini kuwa na mbili? Au siku hizi hilo nalo ni kosa?"

"Unaipanga wewe?"

"Nani mwingine ana mtoto huko?"

Inspekta alimgeukia Sajini. Lakini Sajini alikuwa ameshapiga hesabu kwa vidole, na uso wake ulikuwa umeanguka. Alimvuta bosi wake kando, karibu na dirisha.

"Afande, iko nyuma kwa saa moja tu. Kumi na moja na robo ukiongeza saa moja ni kumi na mbili na robo. Nesi bado yuko humu. Shangazi bado yuko njiani. Tumemtafutia nesi nafuu, tumemkazia kitanzi."

Na kweli. Inspekta alirudia hesabu mara mbili na haikubadilika. Alijisikia hasira ya kumfanya apige teke kabati, maua na vyote. Asubuhi nzima amekimbizana na saa, na saa imempeleka pale pale ilipompeleka mwendesha mashtaka.

"Mmemaliza?" Shangazi aliuliza. Alikuwa ameshafungua mlango.

Nje barazani simu ililia. Alikuwa mwendesha mashtaka, na hakusalimia.

"Faili langu liko wapi?"

"Ninalo. Kuna jambo la saa nataka—"

"Hakuna jambo la saa! Kuna maiti, kuna nesi, kuna rekodi. Nipe faili kabla hakimu hajarudi kutoka kula, la sivyo nitauliza kwa wakubwa wako ni nani anayemfanyia wakili wa utetezi kazi yake."

Simu ikakatwa. Sajini alijifanya anatazama tairi.

Inspekta alisimama akiwa ameishika simu mkononi. Saa moja. Ilimkera kama punje ya mchanga ndani ya kiatu. Alitaka angalau awe na uhakika kwamba huko anakosoma binti kweli wako nyuma yetu kwa saa moja, asiandike kitu cha kubahatisha. Akampigia mtu pekee aliyejua, ingawa afadhali angemeza sabuni.

"Nini tena?" Profesa alisema.

Inspekta alimtajia ile nchi. "Tofauti yao na sisi ni saa ngapi?"

"Leo au mwezi uliopita?"

Sajini aliona mabega ya Inspekta yakinyooka.

"Rudia hapo."

"Nimekuuliza leo au mwezi uliopita, maana ni majibu mawili. Hili ndilo swali linalowaliza waandika programu wote. Sisi saa zetu zimetulia mwaka mzima. Wale huko wana baridi na jua la kuhesabu, kwa hiyo majira ya joto yakikaribia wanasogeza saa zao mbele, baridi ikirudi wanazirudisha. Jumapili iliyopita wamesogeza. Kikao changu na wateja wa huko kimeruka, nimewakosa. Leo wako nyuma yetu kwa saa moja. Mpaka Jumamosi walikuwa nyuma kwa saa mbili."

"Kwa hiyo mwezi uliopita..."

"Mbili. Nishasema. Unataka nikuchoree?"

"Asubuhi hii ulikuwa unalijua hilo?"

"Uliniuliza?"

"Iko siku utaulizwa na mtu mwenye subira ndogo kuliko yangu," Inspekta alisema, akakata.

Hakubisha hodi. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kochi, anakunja vitambaa vilivyokwisha kunjwa. Inspekta aliichukua tableti kutoka kabatini, akaketi mbele yake na kuiweka mezani baina yao.

"Saa hii uliisogeza Jumapili," alisema.

"Nini?"

"Kabla ya Jumapili haikuwa nyuma kwa saa moja. Ilikuwa nyuma kwa saa mbili, maana saa ya mwanao ilikuwa nyuma kwa saa mbili. Jioni aliyokufa kaka yako, mtu alishika tableti hii ikisema kumi na moja na robo. Ongeza mbili. Ni saa moja na robo usiku. Nesi ameshaondoka, tena nusu saa nzima na zaidi. Mlikuwa wawili humu, wewe na mgonjwa."

Shangazi aliendelea kukunja. "Tableti imekaa hivyo hivyo siku zote. Sijui habari za kusogezwa."

"Siku zote saa moja?"

"Saa moja. Kiapo changu hicho."

"Basi miezi yote ya baridi ulikuwa unampigia mwanao akiwa hayupo chumbani, na hukuwahi kushangaa."

Kitambaa kilisimama mikononi. "Wee binti, chunga mdomo wako. Umeingia kwenye nyumba ya msiba kwa hesabu za kitoto. Nesi alikuwa anafukuzwa kazi! Yeye ndiye mwenye sababu!"

"Alikuwa anafukuzwa, ndiyo. Ili nani aje?"

Shangazi alirudi kwenye kukunja.

"Kaka yako alikwisha amua. Mwanao aache chuo, apande ndege, aje kushika beseni na shuka za mjomba. Nesi alikuwa anapoteza kibarua, na vibarua viko vingi. Wewe ulikuwa unapoteza nini?"

"Huna ushahidi."

"Nina mmoja." Inspekta aligusa skrini, picha ya msichana mwenye skafu nyekundu ikatokea. "Habari za watu wa huko kusogeza saa usingezijua wewe wala mimi. Kuna mtu alikwambia Jumapili, 'Mama, isogeze saa yako.' Nitampigia. Sitamdanganya. Nitamwambia mimi ni nani, halafu nitamuuliza alikwambia nini. Atajibu, maana hajui kwa nini namuuliza. Jibu lake litaandikwa, na siku ya kesi ataitwa kulisema mbele yako."

"Usimtaje mwanangu."

"Nesi naye ni mama wa watu."

"Huna utu! Huna haya! Umezaliwa na nani wewe?"

Inspekta alibonyeza. Tableti iliita. Sajini, karibu na mlango, alitazama sakafu. Iliita tena, halafu skrini ikajaa uso wa binti, nyuma yake ukuta mweupe na watu wanapita na vitabu.

"Shikamoo Mama! Mbona unapiga saa hizi, kuna n—" Alimwona mgeni. "Nani huyo? Mama yuko wapi?"

"Mama yako yuko hapa, mzima. Mimi ni Inspekta wa polisi. Nataka kukuuliza kuhusu saa ya tableti hii."

Binti alishusha pumzi, karibu acheke. "Saa? Amekosea tena? Yaani Mama! Kubadili ukanda hajui, anaivuta tu kwa mkono. Jumapili nilimwambia—"

"Nyamaza!"

Shangazi alikuwa amesimama. Vitambaa vilimwagika miguuni. Aliishika tableti kwa mikono miwili na kuibana kifuani, skrini imetazama juu.

"Usiseme neno jingine. Umesikia? Hukusema kitu, wewe hujui kitu. Inspekta, andika. Ni mimi. Nilimuua kaka yangu kwa mkono wangu, tena nilimtazama. Andika hivyo, mtoto mwache."

"Mama?" sauti ilitoka kifuani pake. "Mama, umefanya nini?"

"Rudi darasani. Wewe soma, mwanangu. Soma tu."

Akaikata mwenyewe. Alikaa polepole, kama mtu anayepima kama kochi bado lipo, akamtupia Inspekta jicho la chuki kavu.

"Umefurahi?"

"Hapana."

"Miaka thelathini nimemfulia yule, nimempikia, nimemsimamia kiwanda, ananiita kwa kupiga kengele. Nikamwambia, mimi sawa, nishazeeka kwako. Mwache mtoto. Akanijibu mtoto wa kike ubongo mwingi wa nini. Kaniambia nimpigie usiku ule ule nimwambie arudi." Alifuta mdomo kwa kiganja. "Nikaishika tableti nimpigie. Nikabonyeza pengine."

"Na nesi?"

"Nilidhani watasema moyo tu. Mlipokuja na karatasi yenu inayosema kumi na moja na robo, nilishangaa kuliko ninyi. Mungu kanipa mlango, nikapita. Nesi si ndugu yangu."

Sajini alimfunga pingu kwa mbele, na Shangazi akamnyooshea mikono kwa dharau. Inspekta alitoka hadi kizingitini, akampigia mwendesha mashtaka, akamsomea maneno ya Shangazi kama alivyoyaandika. Upande wa pili likatoka tusi moja dogo.

"Kwa hiyo nifanye nini na nesi?"

"Mtoe. Sasa hivi, si saa nane. Na umwombe radhi."

"Mwombeni ninyi, mliomkamata."

"Nakuja kumwomba," Inspekta alisema.

Aliporudi ndani, tableti ilikuwa imeanza kuita tena. Sajini ameishika kwa ncha za vidole, hajui aitie kwenye mfuko wa vielelezo au aiache. Skafu nyekundu ilicheka kwenye skrini.

"Msipokee," Shangazi alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Mwanamke aliyewatukana tangu mlangoni sasa alikuwa anaomba. "Jamani nawaomba. Nifungeni, ninyongeni, ila msimwambie leo. Akisikia sauti zenu atapanda ndege."

Hakuna aliyepokea. Tableti iliita mpaka ikanyamaza, ikaita tena, ikanyamaza. Halafu ikalia mara moja, mlio mfupi wa ujumbe. Sajini alisoma. Akamtazama Inspekta kama anayeomba ruhusa, kisha akaigeuza skrini taratibu kumwelekea Shangazi.

"Mama, narudi nyumbani."